Greda Ipi kwa Kazi Ipi?
Mwongozo kwa komine, vyama vya ushirika na wajenzi wa Rumonge na mwambao wa Tanganyika

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha viongozi wa komine na wa vilima, vyama vya wakulima wa michikichi na mpunga, na wajenzi wanaotaka kukodi au kununua greda. Tunataka fedha za umma na za ushirika zisipotelee kwenye mashine isiyofaa kazi.

1. Anza na maji

Mwambao wetu ni ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mumirwa. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, mvua ya milimani hushuka kwa kasi kuelekea ziwani na kukutana na kila barabara iliyo njiani. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo upande wa Gitaza yalifunga barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kupitia Minago na Rumonge hadi Nyanza-Lac. Mwaka 2021 na 2024 ziwa nalo lilipanda na kuingia katika makazi ya pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya greda, tembea njia yote kwa miguu, ikiwezekana siku ya mvua, ujibu maswali haya:

- Maji yanatoka wapi, na yatatolewa wapi?
- Udongo ni mfinyanzi, mchanga au changarawe?
- Madaraja ya njiani yanabeba uzito gani? Muulize mhandisi wa komine au wa Wakala wa Barabara wa Burundi (ARB).

2. Kazi ya greda na mipaka yake

Greda hukwangua, husawazisha, hueneza kifusi na kukata mitaro ya pembeni isiyo na kina kirefu. Kazi yake kubwa kwenye barabara ya udongo ni kuipa mgongo, yaani kuinua katikati ili maji yamwagike pande zote mbili. Barabara isiyo na mgongo hugeuka mfereji.

Greda haing'oi visiki vikubwa, haivunji miamba wala haichongi mlima. Hizo ni kazi za katapila na eskaveta. Ukiilazimisha, utavunja kisu chake cha kukwangulia na kulipia saa zisizo na faida.

3. Chagua ukubwa

- Ya kukokotwa na trekta: inafaa njia za shambani na matengenezo mepesi. Ni nafuu kununua, na trekta hubaki na kazi nyingine.
- Ndogo, chini ya tani 10: inafaa njia nyembamba za vijijini, viwanja na nyua za masoko.
- Ya kati, takriban tani 14 hadi 19, yenye kisu cha mita 3.7 hivi: ndiyo ya barabara za komine. Hunywa mazuti yapata lita 15 hadi 20 kwa saa, kutegemea ugumu wa kazi. Kwa siku ya saa nane, tafuta lita 120 hadi 160 kabla mashine haijafika, maana mafuta yakikosekana italala barabarani huku mkataba ukihesabu siku.
- Kubwa, kisu cha mita 4.3 na zaidi: ni ya miradi mikubwa na migodi. Kwenye njia ya kijiji haina nafasi hata ya kugeuka.

4. Shambani na kwenye ujenzi

Mikungu ya michikichi ikishakatwa, asidi huongezeka kwenye mafuta kadiri inavyochelewa kukamuliwa. Njia mbovu kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukamulia hushusha ubora wa mawese. Chama chenye fedha kidogo kitengeneze kwanza njia hiyo.

Usiingize greda nzito kwenye shamba la mpunga. Hushindilia ardhi na kukwangua udongo wa juu wenye rutuba. Trekta yenye bapa la kusawazishia inatosha.

Kwenye kiwanja cha ujenzi, greda hufuata katapila na hutangulia mashine ya kushindilia. Kifusi kienezwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kikiwa na unyevu, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuongeza jingine.

5. Kagua kabla ya kutoa fedha

- Makali ya kisu hufungwa kwa boliti ili yabadilishwe. Yakiwa yamelika hadi kwenye bapa lenyewe, kataa.
- Duara linalozungusha kisu likicheza sana, barabara itatoka na mawimbi.
- Inua kisu, subiri dakika 10. Kikishuka chenyewe, haidroliki inavuja. Usiweke mkono wala mguu chini yake.
- Tazama tairi zote sita, moshi, na uvujaji wa mafuta.
- Uliza vipuri vinapatikana wapi na kwa muda gani. Greda nzuri isiyo na vipuri ni chuma tu.
- Mpe dereva mita 100 za majaribio. Dereva stadi huendesha polepole. Mwendo wa haraka hurusha kisu na kuacha makunyanzi.

6. Andika mkataba unaopimika

Lipa kwa kilomita iliyokamilika, si kwa saa pekee. Mkataba utaje nani analipa lori la kubebea greda, mazuti, maji na mashine ya kushindilia. Kisha upime:

- Barabara ya upana wa mita 6 iwe na katikati iliyo juu ya kingo kwa takriban sentimita 15. Kamba na pima maji vinatosha.
- Makunyanzi yakatwe hadi chini yake, yasifukiwe tu.
- Tuta la udongo lisiachwe ukingoni, kwa sababu litazuia maji kuingia mtaroni.

Wakati mzuri wa kazi hii ni mvua zinapoelekea kuisha, udongo ukiwa bado na unyevu. Kati ya Juni na Agosti utahitaji gari la maji.

7. Greda ikishaondoka

Kila kilima kipewe kipande chake cha mitaro ya kuzibua kwa majembe, hasa kabla ya Septemba na baada ya kila mvua kubwa. Komine iweke daftari la tarehe, kilomita na gharama, lisomwe hadharani. Mwananchi akijua kilicholipiwa, ataweza kudai barabara inayopitika masika yote.