Mwalimu Mgeni na Darasa Alilolikuta

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa darasa lililokwisha kufundishwa na mwingine, vizuri au vibaya. Tungependa kulitazama jambo hili kwa mfano wa mbali kidogo: timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder. Mchezo huo si kandanda tuijuayo. Mpira wake una umbo la yai, na hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu.

Mwaka 2022 timu hiyo ilicheza michezo 12 ikashinda mmoja tu. Desemba mwaka huo chuo kilimwajiri Deion Sanders, mchezaji maarufu wa zamani, awe kocha mkuu. Naye hakuwaficha wachezaji aliowakuta kwamba wengi wao hawatahitajika. Kabla ya msimu wa 2023 kuanza, zaidi ya 50 walikuwa wameondoka, na wageni kutoka vyuo vingine wakajaza nafasi zao.

Mwanzo ulikuwa wa fahari. Tarehe 2 Septemba 2023 Colorado iliishinda TCU kwa alama 45 kwa 42, nayo TCU ilikuwa imefika fainali ya taifa Januari ya mwaka huo huo. Ikashinda pia michezo miwili iliyofuata, na sifa zikaenea nchi nzima. Kisha Oregon ikaishinda 42 kwa 6. Mwezi Oktoba iliongoza dhidi ya Stanford 29 kwa 0 wakati wa mapumziko, ikaishia kushindwa 46 kwa 43 katika muda wa nyongeza. Msimu ulipokwisha ilikuwa imeshinda michezo 4 na kushindwa 8. Mwaka 2024 ilishinda 9 kati ya 13. Mwaka 2025 ikaanguka tena, 3 kati ya 12.

Kasoro moja ya msimu ule wa kwanza yatuhusu hasa. Mrusha mpira wa timu, Shedeur Sanders, mwana wa kocha, alikuwa na kipaji kikubwa, lakini wachezaji wa kumkinga walikuwa dhaifu, akaangushwa na mpira mikononi mara 52. Watazamaji huufuata mpira unaoruka, wakingaji hawawaangalii.

Sasa tumfikirie mwanachuo aliyepewa Darasa la Nne afundishe kugawanya kwa njia ndefu. Somo la kwanza lina chati za rangi na maswali ya upesi; mikono inainuliwa; mkufunzi aliyeketi nyuma anaridhika. (Tukiri kwamba nasi tumewahi kutoa alama za juu kwa somo la namna hiyo bila kufungua daftari hata moja.) Wiki ya tatu darasa linakwama, kwa sababu nusu ya watoto hawajui kutoa kwa kukopa.

Kocha aliweza kubadilisha wachezaji. Mwalimu wa shule ya msingi hana ruhusa hiyo, ingawa wako wafanyao hivyo bila kumfukuza mtoto yeyote: huwafundisha wale watano wa mbele wanaojibu upesi, na waliobaki huhesabiwa tu katika mahudhurio.

Basi katika wiki ya kwanza mwanachuo atoe hesabu kumi za Darasa la Pili na la Tatu, akusanye madaftari, na aandike majina kwa kufuata aina ya kosa, si kwa kufuata alama. Kisha kila siku atenge dakika kumi na tano kwa kundi moja. Huenda mkufunzi akafika siku hiyo akawakuta watoto wa Darasa la Nne wakihesabu vijiti. Amwonyeshe ile orodha ya makosa.