Meli Imefunga Gati na Mvua Haikatiki: Namna ya Kuwatembeza Wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar

Siku ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Kama meli inataka abiria wote wawe ndani saa kumi jioni, wewe mtembeza wageni panga kufika nao kwenye lango la bandari ya Malindi saa tisa. Meli haimngoji aliyechelewa akiwa matembezini kivyake, na mvua kubwa huweza kukwamisha magari Darajani, mahali palipokuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa. Toa pia muda wa kushuka asubuhi, hasa meli ikitia nanga nje na watu wakaletwa kwa boti. Ukimaliza kutoa utaona zimebaki saa nne au tano tu. Waulize wageni saa ya meli inasemaje, kwa sababu si kila meli hufuata saa ya bandari iliyofika, na uwatajie wakati wa kurudi kwa hesabu wanayoijua wao.

Sasa punguza. Ratiba ya kawaida huwa na shamba la viungo, kobe wa kisiwa cha Changuu, halafu mji. Mvua ikishika, Changuu iondoke kwanza: bahari ikichafuka, boti ndogo si mahali pa kumpeleka mzee wa miaka sabini. Shamba la viungo nalo liondoke, maana njia za Kizimbani huwa tope, na mgeni anayeangalia asiteleze hana nafasi ya kunusa karafuu. Waambie hayo asubuhi, kabla hawajapanda gari, pamoja na utakavyorekebisha malipo. Mtu akielezwa mapema hukubali. Akigundua mwenyewe saa nane mchana, huona ameibiwa, na ana haki.

Kinachobaki ni Mji Mkongwe, nao unatosha. Ningeanzia Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na juu yake Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu la Kianglikana. Pana paa, pana maonyesho ya kusoma, na pana mengi ya kueleza: duara jekundu karibu na altare panapokumbukwa mti wa kuchapia watumwa, na msalaba unaosemwa umechongwa kwa mti ulioota pale kijijini Chitambo ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone. Lakini nasisitiza: usiwaingize watu hapa kama mnaokimbilia kibanda cha kujikinga na mvua. Simameni kwanza barazani mjifute, wanyamaze, ndipo waingie. Vyumba vya chini, ambamo inasemwa watumwa walifungiwa, ni vifupi na vina giza, kwa hiyo wateremshe wachache wachache. Sanamu za watumwa zilizosimama shimoni ziko wazi mvuani. Subiri mvua ipungue, au waende waliokubali kulowa. Wape saa nzima. Kama ni lazima kuharakisha mahali, pasiwe hapa.

Kutoka hapo tembeeni polepole kwenye vichochoro, na mvua yenyewe ikusaidie kufundisha. Zile baraza za mawe mbele ya nyumba watu hukalia jioni, lakini maji yakijaa njiani hugeuka kuwa njia ya kupitia. Wapitishe juu yake, wataelewa bila hotuba ndefu. Mkisimama chini ya kizingiti, waonyeshe milango: ule wenye tao juu una asili ya Kihindi, wa mstari ulionyooka ni wa Kiarabu. Mkipata kuingia ndani ya nyumba ya zamani, wapime chumba kwa hatua; ni chembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikupatikana ndefu zaidi.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Usimwahidi mgeni kuingia kabla hujauliza. Picha ya nje inatosha. Wapenzi wa muziki wapeleke Shangani kwenye makumbusho madogo ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mwaka 1946. Ngome Kongwe iache hadi mvua ipungue, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni uwanja usio na paa.

Vifaa usiviache kwa bahati. Makoti ya mvua yanafaa kuliko miavuli, maana kichochoroni mwavuli mmoja unaziba njia na ncha zake zinamtafuta mpita njia machoni. Mifuko ya plastiki laini imekatazwa nchini, hivyo nunua mapema vifuko vigumu vya kukinga simu. Beba kanga mbili tatu: nguo nyepesi ikilowa hung'ang'ania mwili, na mgeni mwenyewe atafurahi kujistiri anapopita mbele ya msikiti. Mtu mmoja atembee nyuma ya kundi, mhesabiane kila kona kubwa. Katikati ya safari waketishe kwa kahawa chungu na kashata, pengine Jaws Corner au kwenye mkahawa wenye paa, na mlipe muuzaji vizuri. Siku ya mvua biashara yake ni ndogo.

Jua likichomoza saa nane, usifufue safari ya Changuu, hata wakikusihi. Wapeleke Forodhani wapige picha, kisha mfuate barabara ya Mizingani kwa miguu mpaka bandarini. Zahanati ya zamani, yenye roshani za mbao zilizochongwa, iko njiani. Hapo muda ukiruhusu simameni, ukiwa umebana piteni mkiiangalia.