Ugali Ukirudi Mezani: Jinsi ya Kulinda Uzito Uliopunguzwa

Mwezi wa kwanza, ugali, chapati, wali, mkate na sukari huondolewa mezani. Mayai, nyama, sukuma wiki na parachichi huchukua nafasi yake. Kilo hushuka haraka, nguo hulegea, na majirani huanza kuuliza kama mtu anaugua. Swali linaloulizwa mara chache ni hili: uzito ukishapungua, mtu ale nini?

Swali hilo linawahusu wengi. Utafiti wa kitaifa wa STEPs wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kati ya wanaofaulu kupunguza kwa kuacha wanga, ni wachache wanaoweza kuishi bila ugali maisha yao yote, hasa katika nyumba ambamo familia nzima hula kutoka sufuria moja.

Jambo la kwanza la kuelewa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini kwa jina la glaikojeni, takriban nusu kilo kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu 3 hivi za maji. Mtu akiacha wanga, akiba hutumika na maji yake hutoka, ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kwa kasi ya kufurahisha. Akirudia wanga, akiba hujaa tena na kilo 1 au 2 hurudi kwa siku chache. Hayo si mafuta. Wengi huyaona, hukata tamaa, husema "imeshindikana", kisha hula bila mpango. Hapo ndipo mafuta yenyewe hurudi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na halitokani na uvivu. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, huku homoni za njaa zikipanda na zile za kushiba zikishuka. Watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hupungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya chakula huongezeka kwa kalori 100 hivi. Chukua mfano wa mtu aliyeshuka kutoka kilo 92 hadi 80. Mwili wake sasa unahitaji takriban kalori 300 pungufu kila siku, na bado unamdai chakula zaidi. Akirudia sahani yake ya zamani, hata kama ni ya chakula safi cha nyumbani, ataongezeka.

Kalori 300 hupotelea mahali padogo. Vikombe 4 vya chai, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari, hubeba karibu kalori 200. Kwa wengi, sukari ya chai ndiyo wanga wa kutorudishwa kabisa. Ugali una utetezi. Vijiko 12 vya sukari havina.

Wanga mwingine urudi polepole. Mtu aanze na sehemu moja kwa siku, katika mlo mmoja, kwa wiki 2, huku akifuata mizani kabla ya kuongeza. Githeri, ndengu, maharagwe, nduma na viazi vitamu vifae kwanza, kwa sababu nyuzinyuzi zake hushibisha kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe au mandazi. Ugali ukifika, kipande cha ukubwa wa ngumi kinatosha. Nusu ya sahani ibaki ya mboga kama managu, terere au sukuma wiki, na robo iwe ya protini. Protini si lazima iwe nyama ya bei ghali. Omena na mayai hufanya kazi hiyo vizuri. Mpishi hahitaji kupika mara mbili: sufuria ni ileile, kinachobadilika ni mwiko.

Wanaodai kwamba wanga pekee ndio adui wangefaa kutazama utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa, wengine wakapunguza wanga, wengine mafuta. Baada ya miezi 12, makundi yote mawili yalikuwa yamepungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, bila tofauti ya maana. Mlo ambao mtu anaweza kuudumisha ndio unaomfaa.

Nchini Marekani, sajili iliyoanzishwa mwaka 1994 hufuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki na hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri.

Wanaotumia dawa wawe waangalifu zaidi. Aliye kwenye insulini au vidonge kama glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiacha wanga, akatetemeka, kutoka jasho na hata kuzirai. Aliyepunguziwa dawa baada ya kupungua uzito naye sukari yake inaweza kupanda wanga ukirudi, kabla hata mizani haijaonyesha chochote. Vivyo hivyo kwa dawa za shinikizo la damu uzito unaporudi. Kipimo cha dawa hubadilishwa na mhudumu wa kliniki, kwa hivyo mgonjwa amwone kabla ya kubadilisha mlo, na abebe kadi yake ya kliniki pamoja na dawa zote anazotumia.