Buchafu, taka na safari yake

Bukavu tunaita « buchafu » kila kitu kinachotupwa: ganda la ndizi, chupa ya plastiki, jivu. Kimofolojia, neno hili linatokana na kivumishi -chafu na kiambishi cha ngeli ya 14 (u- katika Kiswahili sanifu). Basi linataja hali, si kitu. Na kinachoitwa hivyo kimekwisha kuhukumiwa.

Tulinganishe na San Francisco, Marekani. Mwaka 2002 mji huo uliazimia kwamba kufikia 2010, 75% ya taka zake zisifike jaani. Mwaka 2009 sheria ikawalazimisha wakaaji wote kuzitenganisha. Mapipa ni matatu: la buluu la vitu vya kurejelezwa, la kijani la mboji, na jeusi la jaa. Jina hili la mwisho ndilo linalonivutia: halisemi kitu kikoje, linasema kinakwenda wapi. Hata hivyo, majina hayatoshi. Lengo la kutobakiza taka yoyote ifikapo 2020 halikutimia. Mwaka 2018 mji uliahidi kupunguza taka zenyewe kwa 15% kufikia 2030.

Kiswahili nacho kina njia ya kutaja mwendo: rejea, rejelea, rejeleza, urejelezaji. Plastiki inayotupwa Ziwa Kivu hufika hadi bwawa la Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme. Imesafiri, ila « buchafu » haikutuambia. Sisi tunaotunga istilahi tuanzie hapo: taka ipewe jina la inakokwenda.