Kabla Lori Halijamwaga Udongo Penye Maji



Somo letu la mara hii ni juu ya ploti za mahali penye maji. Najua vikundi vingi vinaweka pesa kidogo kidogo vikiwa na nia ya kununua ploti na kujenga nyumba za kukodisha. Ni nia nzuri. Lakini kuna ploti nyingine zinauzwa rahisi kwa sababu, na sababu yenyewe huonekana mvua ikinyesha. Katibu asome polepole, na mwenyekiti asimamishe somo kila mtu akiwa na swali. Tusiharakishe.

KISA CHA AKINA MAMA 22

Kikundi kimoja ninachokitembelea kina akina mama 22. Kwa miaka sita walichanga pesa za kuuza mboga, mayai na vikapu. Mwezi wa Januari dalali akawapeleka kuona ploti ya futi 50 kwa 100, bei yake karibu nusu ya ploti za barabarani. Jua lilikuwa kali. Ardhi imekauka, ng'ombe wanakula majani, na upande wa chini kuna mafunjo kidogo. Ploti ya jirani ilikuwa imeshajazwa udongo na nyumba imeanza kupanda.

Mwenye ploti akawaambia, "Hapa ni kujaza tu. Lori chache za maramu, halafu mnajenga. Karatasi za kaunti ziko." Akatoa karatasi yenye muhuri.

Mama mmoja mzee wa kikundi alisema, "Mimi nilikuwa nakata mafunjo hapa nikiwa msichana. Hapa ni kwa maji. Maji yatarudi kwao." Wenzake walimcheka kidogo. Wakalipa arubuni.

Mwezi wa Aprili mvua ndefu ikaja. Ploti yao ikawa na maji mpaka magotini. Lakini aliyeumia zaidi hakuwa mwanachama. Ni mama mjane anayekaa upande wa chini wa ile ploti iliyojazwa. Maji ambayo zamani yalikuwa yanatulia pale yalikosa mahali, yakaingia kwake usiku. Choo chake cha shimo kilifurika, na kisima ambacho kijiji kizima kilichota maji kikaharibika.

Waliponiita, niliomba kuona ile karatasi. Kumbe ilikuwa risiti ya kulipa kodi ya ardhi! Muhuri ulikuwa wa kweli, lakini haikusema neno hata moja juu ya kujaza udongo. Arubuni yao mpaka leo haijarudi yote, na kikundi kimebaki na maneno: nani alisoma karatasi, nani alitia sahihi, nani alicheka.

Ndugu zangu, mimi pia nilikuwa nimepita hapo mwezi wa Februari, wakanionyesha ploti, nikawapongeza. Sikuuliza swali. Ndiyo maana naandika somo hili.

KINAMASI NI NINI, NA KAZI YAKE NI GANI?

Wengine huita bwawa, wengine chepechepe, wengine ardhi oevu. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inasema ni mahali panapofunikwa na maji daima au kwa msimu, ambapo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Shikeni neno hilo, "kwa msimu". Mahali pakavu mwezi wa Januari panaweza bado kuwa kinamasi mbele ya sheria.

Kinamasi ni kama sponji ya kuoshea vyombo. Mvua ikinyesha kinanyonya, jua likiwaka kinaachilia polepole, na ndiyo maana visima vya karibu havikauki haraka. Mafunjo na matete huchuja takataka kabla maji hayajafika mtoni. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu.

Sasa tufanye hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ikishika maji ya futi moja tu, hayo ni zaidi ya lita 140,000, yaani mitungi 7,000 ya lita 20. Ukijaza udongo, hiyo mitungi 7,000 inaenda wapi? Inaenda kwa jirani. Hakuna pengine.

Tuhesabu na gharama pia. Kuinua ploti hiyo kwa futi 3 kunataka mita za ujazo karibu 425 za udongo. Lori likibeba mita 5, hizo ni safari 85. "Lori chache" ya dalali si chache. Na udongo uliomwagwa juu ya matope hushuka taratibu kwa miaka, kuta zinapasuka, choo hakichimbiki.

"PLOTI NI YANGU, MBONA NIOMBE RUHUSA?"

Swali hili huulizwa kila mahali. Hati ya ardhi inaonyesha kwamba ploti ni yako. Haisemi kwamba unaweza kufanya lolote juu yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 66, inaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya watu na mipango ya ardhi. Na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Yule mjane wa upande wa chini naye ana haki hiyo.

Basi mwenye kutaka kujaza kinamasi ana milango miwili ya kubisha. Mlango mmoja hauondoi mwingine.

Mlango wa kwanza ni kaunti. Zamani tulikwenda kwa baraza la mji au la wilaya. Tangu 2013 kazi hiyo iko kwa serikali za kaunti, na kaunti hiyo hiyo ndiyo yenye kazi ya kusimamia maji ya mvua mahali palipojengwa. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inasema mtu asianze ujenzi au kubadilisha matumizi ya ardhi bila ruhusa ya kaunti. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Mwombaji anatakiwa pia kuujulisha umma, ili mwenye pingamizi aseme. Jueni jambo moja zaidi: siku 60 zikipita bila kaunti kumjibu mwombaji kwa maandishi, sheria inahesabu kwamba ruhusa imetolewa. Kwa hiyo mwenye pingamizi asikae akingoja. Aandike mapema.

Mlango wa pili ni NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria ya 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kujenga, kuchimba, kumwaga kitu chochote au kukausha maji kwenye mto, ziwa au kinamasi bila idhini ya maandishi kutoka NEMA, na idhini hiyo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, si na dalali wala fundi.

Ikiwa ploti iko kando ya mto, kuna jambo la tatu. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kuachwa wazi wa kati ya mita 6 na mita 30, kufuatana na upana wa mto. Waulizeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Msipime kwa hatua za miguu siku ya kiangazi.

KARATASI AMBAZO SI RUHUSA

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Karatasi hizi ni za kweli na zina kazi yake, lakini hakuna hata moja inayoruhusu kujaza kinamasi:

1. Risiti ya kodi ya ardhi.
2. Hati ya kumiliki ardhi.
3. Makubaliano ya kuuziana, hata yakiandikwa mbele ya wakili.
4. Barua ya chifu au ya mzee wa kijiji.
5. Ahadi ya mwakilishi wa wadi, hata akiitoa barazani watu wakapiga makofi.
6. Ruhusa aliyopewa jirani kwa ploti yake.

Hata ruhusa ya kweli ya kaunti peke yake haitoshi ikiwa NEMA haijaidhinisha. Mwezi wa Agosti 2018, majengo makubwa yaliyokuwa kando ya mito Nairobi yalibomolewa, na baadhi ya wenyewe walisema walikuwa na vibali. Kisha mafuriko ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Mwezi wa Mei mwaka huo serikali iliwaamuru wanaokaa kando ya mito wahame, na nyumba nyingi za watu maskini zikabomolewa. Tajiri akibomolewa analia na ana wakili. Mama wa mboga akibomolewa, miaka sita ya akiba imekwenda na maji.

KIKUNDI KIFANYE NINI KABLA YA KUNUNUA?

Kwanza, nendeni kuona ploti mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvua. Muuzaji akisema "leteni pesa wiki hii, kuna mwingine anataka", mwacheni huyo mwingine anunue.

Pili, ulizeni wazee na watoto. Wazee wanajua maji yalikokuwa. Watoto wanajua vyura wanalilia wapi.

Tatu, tazameni mimea. Mafunjo, matete na majani ya kinamasi hayadanganyi. Tazameni pia kuta za nyumba za jirani kama zina alama ya maji.

Nne, fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi, na mwiteni mpima ardhi awaonyeshe mipaka.

Tano, watu wawili au watatu waende ofisi ya mipango ya kaunti na ofisi ya NEMA katika kaunti, wakiwa na nambari ya ploti. Waulize kwa maandishi: Je, mahali hapa panaruhusiwa kujazwa na kujengwa? Barua iwe nakala mbili, na yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka ofisi za umma zijibu ndani ya siku 21.

Sita, jibu lisomwe mbele ya wanachama wote kabla ya arubuni. Asiyejua kusoma aelezewe kwa lugha ya nyumbani. Pesa ni zake pia.

NA IKIWA UMESHANUNUA?

Usikate tamaa, na usiite lori usiku. Mwite mpima ardhi aone kama kuna sehemu ya juu iliyo kavu, uombe ruhusa ya kujenga hapo peke yake. Sehemu yenye maji iache ifanye kazi yake. Mafunjo hukatwa kwa mikeka na vikapu, na nduma hupenda unyevu. Kabla ya kulima, muulize afisa wa kilimo na NEMA, na usichimbe mitaro ya kukausha.

IKIWA JIRANI ANAJAZA

Anzeni kwa mazungumzo, mzee wa kijiji akiwapo. Huenda hata yeye alidanganywa kama akina mama wale. Mwombeni kwa heshima awaonyeshe idhini mbili. Akikataa, andikeni tarehe, hesabu ya lori na maji yanakoelekea, mpige na picha. Pelekeni barua kwa NEMA na kwa kaunti, nakala kwa chifu. Msimwage wala kuondoa udongo wake wenyewe, maana mtakuwa washtakiwa ninyi.

Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti kuhusu ombi la ruhusa ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango ya ardhi. Asiyeridhika na uamuzi wa NEMA ana siku 60 kwenda kwa jopo la kitaifa la rufaa za mazingira. Juu yao iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinasema mtu anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Si lazima mngoje nyumba ya mjane ifurike kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, maji ya mvua yalikuwa yanatulia wapi zamani? Leo pako nini?
2. Kwa nini wale akina mama walimcheka mzee wao? Katika kikundi chetu, nani husema ukweli na hasikilizwi?
3. Karatasi za ploti yetu ziko kwa nani? Nani kati yetu amezisoma mpaka mwisho?
4. Tukijaza ploti yetu, ile mitungi 7,000 itaingia kwa nani? Mtajeni kwa jina.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama atembee na mzee mmoja na mtoto mmoja kuanzia mlangoni kwake mpaka mtoni, aone njia ya maji. Halafu chorani ramani kwa kijiti, chini, mahali pa mkutano. Mtashangaa mambo mnayoyajua tayari.

Yule mama mzee aliyechekwa, siku hizi kikundi kimemfanya mjumbe wa kukagua ploti. Hajui kusoma. Lakini akifika mahali, kwanza anainama, anang'oa jani moja na kulitazama mzizi, kisha anauliza, "Maji ya hapa hulala wapi?" Nanyi mulizeni muuzaji swali hilo hilo, kabla hamjafungua mfuko wa pesa.