Kufa kwa Mfupa wa Nyonga: Tiba Kabla na Baada ya Mfupa Kubonyea

Mfupa ni tishu hai na hulishwa na damu. Damu ikikatika, sehemu ya mfupa hufa. Kichwa cha mfupa wa paja, kinachozunguka ndani ya nyonga, huathirika zaidi kwa kuwa mishipa inayokilisha ni michache na myembamba. Visababishi vikuu ni kuvunjika au kuteguka kwa nyonga, matumizi ya steroidi kwa dozi kubwa, ulevi wa kupindukia, na selimundu, ambapo chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo.

Kwa mgonjwa wa selimundu, mazoea ndiyo hatari. Maumivu ya nyonga hudhaniwa kuwa ni yale yale ya siku zote, naye hupewa dawa na kurudishwa nyumbani. Maumivu ya kinena yanayodumu, yanayozidi anapotembea au kushuka hadi gotini, yachunguzwe. Eksirei ya mwanzo huweza kutoonyesha kasoro ilhali mfupa umekwisha kufa. Kipimo cha MRI hugundua mapema. Nyonga zote mbili zipimwe, kwani mara nyingi zote huathirika.

Uchaguzi wa tiba hutegemea hasa swali moja: je, kichwa cha mfupa kimekwisha kubonyea?

Kabla ya kubonyea, magongo, dawa za maumivu na mazoezi ya viungo huleta nafuu, lakini havitoshi kutegemewa kuuzuia ugonjwa. Daktari bingwa wa mifupa aweza kutoboa tundu hadi sehemu iliyokufa ili kupunguza shinikizo na kuruhusu mishipa mipya kuota. Pengine hupandikiza mfupa. Njia hii hufaa zaidi eneo lililokufa likiwa dogo.

Baada ya kubonyea, tiba yenye matokeo bora kwa wengi ni kuwekewa nyonga bandia. Hata hivyo, nyonga hiyo huchakaa, na kijana huenda akahitaji upasuaji mwingine baadaye. Mgonjwa wa selimundu huandaliwa kwa uangalifu: maji ya kutosha, oksijeni, joto, na kuongezewa damu inapobidi.

Mgonjwa anayetumia steroidi asiziache ghafla. Amwone daktari wake. Naye mhudumu wa afya, akutanapo na kijana mwenye selimundu anayechechemea, asingoje kipindi kingine cha maumivu ndipo ampe rufaa.