Jumatano: Shamba na Kiti Mezani

Soma 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1–13. Mefiboshethi alipataje ulemavu wake? Daudi alimrudishia vitu gani viwili?

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Yaya wake alimkimbiza ili amwokoe, akaanguka naye. Haikuwa adhabu ya dhambi yake. Hata hivyo alikulia mbali na watu wake, na alipofika mbele ya mfalme alijifananisha na mbwa mfu. Miguu yake iliumia siku moja. Kujidharau kulikua naye miaka mingi.

Watu wengi walioupata ugonjwa wa polio utotoni wanaijua njia hiyo. Kirusi cha polio huingia kwa kinywa, mara nyingi kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Takriban mmoja kati ya watu 200 wanaoambukizwa hupooza moja kwa moja. Kirusi hudhuru neva zinazoendesha misuli, lakini akili hubaki nzima. Si uchawi, wala si laana (soma Yohana 9:1–3).

Anne Wafula Strike alizaliwa kijiji cha Mihuu, magharibi mwa Kenya, akapata polio kabla ya kutimiza miaka mitatu. Majirani waliona ni laana. Baba yake akampeleka shule. Alihitimu Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu Machakos, na mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika mbio za viti vya magurudumu kwenye michezo ya Paralimpiki kule Athens. Miguu yake haikupona. Kilichobadilika ni kwamba mlango ulifunguliwa, naye akaingia.

Angalia tena alichofanya Daudi. Hakumpa Mefiboshethi sadaka na kumwacha aende zake. Alimrudishia shamba la babu yake, yaani njia ya kuishi. Akampa na kiti mezani, yaani heshima kama mmoja wa wana wa mfalme. Kanisa mara nyingi hutoa kitu cha tatu ambacho Daudi hakukitoa: huruma peke yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Katika mikopo ya halmashauri, ikiwemo ya Ngara na Biharamulo, lipo fungu la watu wenye ulemavu. Je, nani kanisani kwetu amemsaidia ndugu yetu kujaza fomu?

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Siba alitumiaje ulemavu wa bwana wake?

Mefiboshethi alihitaji punda ili aende. Siba akaondoka bila yeye, kisha akamsingizia. Mfalme aliyekuwa mwema alimsikiliza mwenye miguu, akatoa hukumu kabla ya kumwuliza mwenyewe. Hata mtu mwema aweza kukosea hivyo. Ni mara ngapi baraza la kanisa au kikao cha ukoo kimeamua habari za mtu mwenye ulemavu naye hayupo, kwa sababu ukumbi una ngazi?

Tusisahau pia watoto. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996. Lakini mwaka 2023 kirusi cha aina nyingine kilipatikana Rukwa, na pia katika nchi jirani ya Burundi. Septemba mwaka huo watoto wa Kagera walikuwa miongoni mwa waliopewa matone ya chanjo. Yaya alikimbia ili amwokoe mtoto. Sisi tunaombwa kutembea tu hadi zahanati.

Jiulize: Kama Mefiboshethi angefika kanisani kwako Sabato hii, angeingiaje, angeketi wapi, na angepewa kazi gani? Ni jambo gani moja ambalo darasa lenu laweza kulibadilisha kabla ya Sabato ijayo?